Mtulinga Ulioachia: Slingi, Pleti au Vifungo?

Mtu anapoanguka na bodaboda mkono ukiwa umebana ubavuni, ncha ya bega ndiyo inayopokea lami. Kombe la bega husukumwa chini kwa kishindo, mtulinga haulifuati, na kano zinazoviunganisha hukatika. Majeruhi akijipapasa hukuta nundu juu ya bega. Akiibonyeza inashuka, akiiachia inapanda. Wachezaji wa raga na waendesha baiskeli wanaijua vizuri nundu hiyo.

Jeraha hili lisichanganywe na lile la kichwa cha mfupa wa mkono kuchomoka kwenye kikombe chake. Lile linataka kurudishwa siku hiyohiyo, na upasuaji wake una historia yake, ya Bankart wa London na Latarjet wa Ufaransa. Hapa nazungumzia kiungo kidogo cha juu, pale mtulinga unapokutana na akromioni, yaani paa la bega. Unaweza kukifunika kwa kidole gumba, lakini madaktari wa mifupa wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka themanini, na ubishi wenyewe umezaa mbinu nyingi mno za kukifunga.

Swali linalotangulizwa katika ubishi huo ni chuma kipi kinashika vizuri zaidi. Mimi naona linatangulizwa mapema. Yako mawili yanayopaswa kujibiwa kabla yake: kama mgonjwa huyu anahitaji chuma chochote, na kama chuma atakachowekewa kina tarehe ya kutolewa, mtu wa kukitoa na fedha za kazi hiyo.

Mtulinga umeshikwa upande wa bega na makundi mawili ya kano. La kwanza ni kifuko cha kiungo chenyewe na kano zinazokikaza. Hili huuzuia mtulinga usitelezee mbele wala nyuma. La pili ni kano mbili nene, konoidi na trapezoidi, zinazoshuka kutoka chini ya mtulinga hadi korakoidi, kile kipande cha kombe la bega kilichochomoza mbele kama kidole kilichokunjwa. Hizi ndizo zinazouning'iniza mkono mzima. Konoidi hujishikiza yapata sentimita nne na nusu kutoka ncha ya mtulinga, na trapezoidi iko karibu zaidi na ncha hiyo. Anayetaka kuziiga kwa uzi au skrubu lazima ajue vipimo hivyo, kwa sababu tundu likitobolewa mahali pasipo pake, uzi unavuta upande usio sahihi na hatimaye unalegea au unaupasua mfupa.

Nundu yenyewe kwa sehemu kubwa ni matokeo ya mkono kushuka kwa uzito wake, huku msuli wa shingoni ukiuvuta mtulinga juu. Ndiyo maana msaidizi akiuinua mkono kutoka kwenye kiwiko, mara nyingi bega linarudi karibu na umbo lake bila mtu kuugusa mtulinga. Kurudisha si tatizo. Tatizo ni kushikilia kwa wiki kadhaa hadi kovu imara lijengeke.

Mwaka 1984 Charles Rockwood wa Texas aliyagawa majeraha haya katika madaraja sita, akipanua matatu yaliyotumika tangu miaka ya 1960. Katika daraja la I na la II kano za korakoidi zimesalimika. Mgonjwa apewe slingi, dawa ya maumivu na mazoezi, basi. Katika daraja la III zote zimekatika, na nafasi kati ya korakoidi na mtulinga, ambayo kwa kawaida ni milimita 11 hadi 13, imeongezeka kwa asilimia 25 hadi 100 ikilinganishwa na bega zima. Katika la V imeongezeka kwa asilimia 100 hadi 300, na misuli iliyoufunika mtulinga imechanika. Katika la VI mtulinga umeingia chini ya korakoidi, jambo ambalo madaktari wengi watastaafu bila kuliona.

Nimeliacha daraja la IV makusudi. Hapa mtulinga umerudi nyuma na kujichoma ndani ya msuli wa trapezi, pengine bila kupanda sana. Picha ya eksirei iliyopigwa kutoka mbele inaweza kuonyesha kupanda kidogo tu, na mgonjwa akaandikiwa daraja la III au hata la II, akarudishwa nyumbani na slingi, akabaki na maumivu ya miezi. Picha ya pili, inayopigwa mwale wa eksirei ukipita kwapani, huondoa shaka hiyo kwa gharama ndogo kuliko chochote kitakachofuata. Kila mjadala wa pleti na vifungo unaofanyika kabla ya picha hiyo ni mjadala juu ya jeraha lisilojulikana.

Sasa tuje kwenye swali la kama kuna haja ya kupasua. Hippocrates aliandika kwamba bega la namna hii litabaki na uvimbe, kwa kuwa mfupa haurudi kikamilifu mahali pake, lakini mtu hatapungukiwa na matumizi ya mkono. Alikuwa na matumaini kupita kiasi, kwa sababu wapo wanaopungukiwa. Hata hivyo, tafiti zilizowagawa wagonjwa kwa kura zimemsogelea kuliko wapasuaji wengi walivyotegemea. Mwaka 1989 Bannister na wenzake wa Uingereza walichapisha matokeo ya wagonjwa 60, baadhi wakiwa wamefungwa skrubu ya korakoidi na wengine slingi tu. Waliofungwa slingi walirudisha mwendo wa bega na kurudi kazini mapema zaidi. Waliofaidika na kisu ni wale ambao mtulinga wao ulikuwa umehama kwa sentimita mbili au zaidi. Mwaka 2015 kundi la madaktari wa Kanada lililinganisha pleti ya ndoano na slingi kwa wagonjwa 83 wa daraja la III hadi la V: katika miezi ya mwanzo waliopasuliwa walikuwa nyuma, na kufikia mwaka mmoja na miwili makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa matumizi ya mkono, ingawa picha za eksirei za waliopasuliwa zilipendeza zaidi. Mwaka 2018 madaktari wa Edinburgh walifanya ulinganisho wa aina hiyo kwa kutumia vifungo badala ya pleti, kwa vijana 60 wa daraja la III na la IV. Baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana katika matumizi ya mkono, na upasuaji uligharimu zaidi. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2019, uliokusanya majaribio sita yenye watu 357, ulifikia hitimisho lilelile, ukionya kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Kwa hiyo mgonjwa wa daraja la III asiyebeba mizigo mizito, anayekerwa zaidi na nundu kuliko maumivu, aambiwe ukweli waziwazi: kisu kitampa bega linalopendeza pichani na kovu juu ya ngozi, na baada ya mwaka mmoja huenda asitofautiane na jirani yake aliyevaa slingi.

Lakini nina wasiwasi na kipimo kilichotumika. Fomu ya DASH, ambayo tafiti nyingi hizi zimeitegemea, inamuuliza mgonjwa kuhusu kufungua chupa iliyokazwa, kupika, kuosha mgongo na kubeba kitu kizito. Kitu kizito kwa mujibu wa fomu hiyo ni cha zaidi ya ratili 10, yaani kilo nne na nusu. Hamali wa Kariakoo au wa Marikiti hubeba gunia la kilo hamsini na zaidi, na hulipandisha juu ya bega lilelile. Mwashi hushinda amenyoosha mikono juu ya kichwa. Kura zile hazikupigwa kwa watu hawa. Hilo halithibitishi kwamba wao wanahitaji kisu. Linaonyesha tu kwamba hatuna ruhusa ya kuwaambia kwa uhakika kwamba hawakihitaji. Kwa daraja la V pia, ambalo katika tafiti hizo lina wagonjwa wachache kuliko la III au halimo kabisa, madaktari wengi bado hupendelea kupasua, na mimi naafiki.

Anayepasua afunge kwa nini? Nianze na kisichostahili kutumika. Nyaya laini za Kirschner, zinazopitishwa kutoka akromioni kuingia mtulinga, ni rahisi, zipo kila thieta, na zinaingia kwa dakika chache. Pia zinahama. Bega halitulii, na kila mkono unapoinuka mtulinga huzunguka kwenye mhimili wake. Waya laini usio na meno husukumwa kidogokidogo, au hukatika kipande kikaondoka. Vipande hivyo vimekutwa kwenye mapafu, kwenye moyo, kwenye mshipa mkuu wa damu na kwenye mfereji wa uti wa mgongo, na watu wamekufa. Kuukunja waya kwa nje kunapunguza hatari bila kuiondoa. Hospitali iliyo na waya tu, bila pleti wala uzi imara, imfunge mgonjwa slingi na kumpa rufaa.

Skrubu ya Bosworth, iliyoelezwa mwaka 1941, inapita kutoka mtulinga moja kwa moja hadi korakoidi. Inashika sana, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: inaunganisha kwa ukakamavu mifupa miwili iliyoumbwa iende pamoja kwa kulegea kidogo. Isipotolewa baada ya wiki nane au kumi na mbili hulegea au kuvunjika. Bado ina watetezi wake, lakini kwingi imeachwa.

Pleti ya ndoano inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo yenye nafasi kubwa katika hospitali zisizo na kamera ya viungo. Ilianzia Ujerumani katika miaka ya 1970. Daktari hufungua ngozi juu ya kiungo, hurudisha mtulinga, kisha hupitisha ndoano nyuma ya kiungo hadi chini ya akromioni na kuulaza mwili wa pleti juu ya mtulinga. Skrubu zinapokazwa, pleti hufanya kazi kama mtarimbo: ndoano imekwama chini ya paa la bega, na mkono wa pleti unaukandamiza mtulinga ushuke na ubaki chini. Anayeweza kufunga pleti kwenye mtulinga uliovunjika ana sehemu kubwa ya ujuzi unaotakiwa. Hakuna haja ya kuigusa korakoidi, ambayo ubavuni mwake hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu ya mkono. Kwa kuzuia mtulinga usipande, pleti hii ni ya kuaminika.

Bei yake inalipwa chini ya akromioni. Nafasi ile ni nyembamba, na ndani yake hupita kano za misuli inayozungusha bega. Chuma kikikaa humo, mkono ukiinuliwa kupita usawa wa bega unauma, na wagonjwa wengi huambiwa wasivuke usawa huo hadi chuma kitoke. Wakati huohuo ndoano hulisugua tumbo la akromioni na kuula mfupa taratibu. Kwa wengi ulaji huo ni mdogo, na hutulia pleti ikiondolewa. Ikiachwa, ndoano huendelea kupanda, na akromioni yaweza kuvunjika. Mtulinga nao waweza kuvunjika pale pleti inapoishia upande wa kifua. Hivyo pleti lazima itoke, kwa kawaida kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa baadhi ya wagonjwa mtulinga hupanda tena kidogo baada ya hapo.

Maana yake ni kwamba anayeandikiwa pleti ya ndoano ameandikiwa operesheni mbili: nusu kaputi mara mbili, chale mara mbili, hatari ya kidonda kuoza mara mbili, na siku za kukosa kazi mara mbili. Gharama itajwe hivyo tangu mwanzo. Mgonjwa wa Sumbawanga aliyepasuliwa Mbeya au Dar es Salaam bila kuambiwa hili, baada ya miezi mitatu bega linaanza kumruhusu kulima, nauli hana, na anaona hana sababu ya kurudi. Pleti inabaki. Anayerudi mwaka wa pili anarudi na akromioni iliyoliwa, na jeraha hilo jipya limeletwa na matibabu. Ningependa kuona hospitali haiweki pleti hii mpaka tarehe ya kuitoa iwe imeandikwa kwenye kadi ya mgonjwa na namna ya kuilipia iwe imejulikana, kwa bima au kwa familia. Pasipo hayo mawili, siioni kuwa tiba iliyokamilika.

Vifungo na uzi vilikuja kuikwepa operesheni hiyo ya pili. Kifaa chenyewe kilibuniwa kwanza kwa ajili ya kifundo cha mguu, kisha kikahamishiwa begani katika muongo wa kwanza wa karne hii. Daktari hutoboa njia moja kupitia mtulinga na korakoidi, hupitisha uzi wa plastiki uliosukwa wenye nguvu nyingi, na huuzuia kila upande kwa kifungo kidogo cha chuma. Uzi ukivutwa, mtulinga hushuka mahali pake. Mifupa inaendelea kwenda pamoja kwa kulegea kidogo kama ilivyoumbwa, na vifungo hukaa maisha yote visipoleta shida.

Wakati mwingine vinaleta. Korakoidi ni mfupa mdogo. Tundu likikosa katikati, au likiwa pana, hupasuka. Uzi nao hukata mfupa polepole, na baada ya miezi picha huonyesha mtulinga umepanda tena kwa milimita kadhaa, jambo ambalo wengi hawalihisi. Fundo la uzi hukera chini ya ngozi nyembamba, na hamali atalihisi kila anapopandisha mzigo. Udhaifu ninaoupa uzito zaidi ni huu: jozi moja ya vifungo inazuia kupanda, lakini haizuii vya kutosha kutelezea nyuma. Kwa sababu hiyo wengi sasa huongeza jozi ya pili, wakiiga konoidi na trapezoidi kila moja kwa njia yake, au hufunga uzi mwingine kuvuka kiungo chenyewe. Kwa daraja la IV, naona nyongeza hiyo si ya hiari.

Vifungo vikiwekwa kwa kamera, daktari hupata nafasi ya kutazama ndani ya kiungo kikubwa cha bega, ambako tafiti za Ujerumani za mwaka 2009 zilikuta majeraha mengine kwa takriban asilimia 15 hadi 18 ya wagonjwa wa madaraja ya juu. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini kamera si sharti la vifungo. Chale fupi mbele ya bega inatosha kuifikia korakoidi, na uzi imara unaweza kuzungushwa chini yake, ukiingizwa kutoka upande wa kifua kuelekea nje ili kuikinga mishipa, bila kuutoboa mfupa huo kabisa. Mbinu hii ya wazi haitajwi sana kwenye mikutano, pengine kwa sababu haiuzi kifaa kipya. Kwa hospitali zetu za rufaa ingestahili kufundishwa kwa bidii ileile inayotumika kufundisha pleti.

Majaribio yaliyoziweka pleti na vifungo ana kwa ana ni madogo, na mengi yanaelekea upande mmoja: wenye vifungo huumwa kidogo kuliko wenye pleti na huwazidi kwa alama chache kwenye kipimo cha bega cha Constant chenye jumla ya 100, hasa kabla pleti haijatolewa. Baadaye tofauti hupungua. Kwenye picha hakuna mshindi wa kudumu. Alama chache kati ya 100 hazitoshi kumfanya daktari mzoefu wa pleti aiache na kuanza kutoboa korakoidi asiyoijua. Mkono uliozoea mbinu yake ni salama kuliko mbinu mpya katika mkono mgeni. Ninachoona kinatosha kuamua ni umbali wa mgonjwa kutoka thieta. Anayeishi mtaa wa pili na ana bima, pleti inamfaa kama vifungo. Anayetoka mbali na hana uhakika wa kurudi, afungwe kwa uzi, kwa kamera au kwa chale.

Haya yote yana dirisha la takriban wiki tatu. Ndani ya muda huo ncha za kano zilizokatika bado zinaweza kushikana zikiletwa karibu, na pleti au uzi unazisubiri zipone. Baada ya hapo zimejikunja na kugeuka kovu, na kifaa peke yake kitachoka. Hapo inabidi kutengeneza kano nyingine, kwa tendoni iliyochukuliwa nyuma ya paja au kwa kuhamisha kano ya akromioni walivyofanya Weaver na Dunn mwaka 1972. Kazi hiyo ni kubwa, na haipatikani kila mahali. Mgonjwa aliyekandwa bega kwa mwezi mzima kabla ya kufika hospitali amekwishapita dirisha hilo bila kujua lilikuwepo.

Hata anayefika siku ya kwanza anaweza kulipitisha, tena kwa ushauri mzuri. Jopo la ISAKOS, chama cha kimataifa cha wapasuaji wa viungo, lilipendekeza mwaka 2014 kwamba daraja la III lianze na slingi, kisha lipimwe upya kati ya wiki ya tatu na ya sita ili kuwatenga wenye kiungo kisichotulia. Kwa nchi ambazo kutengeneza kano mpya ni kazi ya kawaida, ratiba hiyo haina hasara kubwa. Kwetu inamhamisha mgonjwa kutoka operesheni inayowezekana mkoani hadi isiyowezekana. Hamali, mwashi na fundi umeme wa daraja la III waitwe siku ya kumi na nne. Wakati huo maumivu ya mwanzo yamepungua kiasi cha kuuleta mkono mbele ya kifua na kupigwa picha hivyo. Mtulinga ukionekana umepanda juu ya akromioni, au kombe la bega likichomoza mgongoni mkono unapoinuliwa, bado kuna siku saba za kutafuta thieta.